Mstari wa Kibarua, Duara la Soko

Ukitoka mtaa wa Tena, mashariki mwa Nairobi, kwa miguu kwenda soko la Gikomba, huna haja ya kurudi kwa njia uliyoendea. Unavuka Outer Ring penye Donholm, unashika Jogoo Road huku Harambee na Uhuru zikiwa mkono wa kulia, unapita mahakama ya Makadara, kisha Maringo upande mmoja na Mbotela, Makongeni na Kaloleni upande wa pili, hadi City Stadium. Hapo unakata kuingia soko la Burma na Shauri Moyo, na Gikomba hiyo imeshakumeza. Wakati wa kurudi unapita Pumwani na Heshima Road, unakuja Bahati, Jerusalem na Jericho, unaingia Buruburu na kuifuata Mumias South Road, unavuka reli penye Mutindwa, unatokea Umoja, na Tena si mbali tena. Ni mzunguko wa kilomita 16 au 17 hivi. Wachache huumaliza wote kwa siku moja. Wengi hutembea kipande asubuhi na kingine jioni, na katikati wanapanda matatu au wanalipia mkokoteni ubebe mzigo. Lakini vipande hivyo vikiunganishwa, duara linaonekana, na duara hilo halimo katika ramani yoyote ya mipango ya Nairobi. Hoja yangu ni kwamba waliopanga Eastlands, tangu enzi za ukoloni mpaka miaka ya kampuni za nyumba, walichora mstari tu, kutoka kitandani hadi kazini na kurudi. Aliyeukunja mstari huo ukawa duara ni mwenda sokoni, na historia ya mitaa hii inasomeka vizuri zaidi ukiifuata kwa hatua zake yeye kuliko kwa tarehe za kufunguliwa kwa nyumba.

Kabla ya nyumba hizo, eneo hili la mashariki lilikuwa uwanda wa malisho ya Wamaasai, na kule juu kaskazini na magharibi yalianza mashamba ya Wakikuyu. Biashara kati ya pande hizo mbili ilibebwa mgongoni, hasa na wanawake. Wakikuyu walishuka na nafaka, maharagwe, vibuyu na tumbaku, wakarudi na ngozi na mifugo, na inajulikana kwamba wanawake wafanyabiashara waliachiwa njia hata wakati wanaume wa pande zote mbili walipokuwa wakipigana. Reli ilipofika Nairobi mwishoni mwa Mei 1899, wanawake wa Kiambu hawakuhitaji kufundishwa maana ya soko. Walibadili tu mwisho wa safari. Mwanahistoria Claire Robertson, katika kitabu chake cha 1997 kuhusu wanawake wachuuzi wa Nairobi, amefuata biashara ya maharagwe kwa miongo mingi na kuonyesha jinsi mji ulivyolishwa na watu waliofika kwa miguu na mzigo wa kamba kichwani. Kwa hiyo mwendo wa kijijini kwenda sokoni na kurudi ulikuwepo kabla ya manispaa. Mji ndio ulioukuta barabarani.

Manispaa nayo ilikuwa na fikra tofauti kabisa kuhusu miguu ya Mwafrika. Kuanzia 1920 mwanamume Mwafrika alitakiwa kutembea na kipande shingoni, kilichoandikwa mwajiri wake na siku za kazi yake, na aliyetoroka kazi alifuatiliwa kwa karatasi hiyo. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1920 kama mtaa rasmi wa Waafrika, na shughuli zake ziligharamiwa kwa sehemu na faida ya pombe iliyouzwa na manispaa peke yake, mtindo uliotoka Durban. Wafanyakazi wa reli walipewa makazi yao, yaliyoitwa landi, huko Muthurwa. Pangani, kijiji cha zamani cha Waislamu na wenyeji waliojijengea, kilibomolewa mwaka 1939, na wengi wakahamishiwa Shauri Moyo. Katika miaka ya 1940 zikafuata Ziwani, Kaloleni, kisha katika miaka ya 1950 Mbotela, Bahati, Maringo na Jericho. Mbotela ni jina la Tom Mbotela, aliyeuawa Novemba 1952, na jina la Ofafa linalotangulia Maringo na Jericho ni la Ambrose Ofafa, diwani aliyeuawa mwaka uliofuata. Mitaa yote hii ilikaa mashariki ya katikati ya mji, karibu na karakana na viwanda, na vyumba vyake vingi vilikuwa vya mwanamume mmoja asiye na mke wala jiko la maana. Kamati ya Carpenter kuhusu mishahara ya Waafrika iliandika wazi mwaka 1954 kwamba mshahara wa chini ulikuwa umekadiriwa kwa mahitaji ya kapera, na ikapendekeza uelekezwe kwa mtu mwenye familia. Ukimlipa mtu kama kapera utamjengea kama kapera, na ukimjengea kama kapera utafikiri njia moja inamtosha: alfajiri kwenda, jioni kurudi.

Msomaji makini atanikatiza hapa na kuutaja mpango mkuu wa Nairobi wa 1948, ulioandikwa na Thornton White, Silberman na Anderson. Mpango huo haukuwa wa mstari. Ulitaka mji ugawanywe katika vitongoji vyenye kujitosheleza, kila kimoja na shule, zahanati, uwanja na maduka ambayo mama angeyafikia kwa miguu bila kuvuka barabara kubwa. Kaloleni, yenye viwanja vyake vya nyasi, ukumbi na nyumba zilizopangwa kwa mizunguko, ni mfano mzuri wa fikra hiyo, na sioni sababu ya kuudharau; hata leo ni mtaa wenye hewa kuliko mingi iliyojengwa baada yake. Lakini angalia mpango huo ulimtazama nani. Ulimwona mnunuzi, haukumwona muuzaji. Maduka ya kitongoji yalikuwa machache, ya kukodishwa kwa leseni, na mwenye kutandaza sukuma na nyanya nje ya leseni alikuwa mkosaji. Na mwaka mmoja tu baada ya mpango huo, mwaka 1949, ikatungwa sheria ya watu wasiofanya kazi kwa hiari yao, iliyoruhusu kumkamata mtu mjini ambaye hakuweza kuonyesha ana ajira. Jaribu kuifikiria sheria hiyo ukiwa umesimama Doonholm Road, kama Jogoo Road ilivyoitwa wakati huo. Mtu anayetembea kwenda kwa mwajiri ana safari. Anayetembea kutoka Burma kwenda Bahati akiuliza bei ana kesi. Hivyo vitongoji vya kujitosheleza vya kwenye karatasi vilizungukwa na sheria iliyotambua njia moja tu halali.

Hata hivyo duara lilikuwa limeshaanza kuchorwa, na ushahidi bora wa hilo unatoka kwa serikali yenyewe. Mei 1950, baada ya viongozi wa wafanyakazi Fred Kubai na Makhan Singh kukamatwa, Nairobi ilisimama kwa mgomo wa zaidi ya wiki moja, na habari zake zilizunguka kwa miguu kati ya Shauri Moyo, Pumwani na Kaloleni kwa njia ambazo wafanyakazi na wachuuzi walikuwa wamezizoea. Mwaka 1953 Mau Mau walitoa amri watu wasusie mabasi ya kampuni ya Wazungu, pamoja na sigara na bia. Maelfu walitembea. Mabasi ya Kenya Bus yalikuwa yakihudumia mji tangu 1934, kwa hiyo ususiaji ule haukufanywa na watu wasiojua basi. Ulifanywa na watu waliojua kwamba mji wao unatembeleka bila basi. Tarehe 24 Aprili 1954 ikaja Operesheni Anvil chini ya Jenerali Erskine. Jeshi na polisi waliuzingira mji, wakapekua mtaa kwa mtaa, na wanaume zaidi ya 20,000, wengi wao Wakikuyu, Waembu na Wameru, wakapelekwa kwenye kambi za Langata, Mackinnon Road na Manyani. Baadaye mitaa kadhaa ilizungushiwa seng'enge, yenye lango la kuingilia na kutokea. Vitabu vya historia hueleza Anvil kama pigo la kijeshi dhidi ya mtandao wa Mau Mau, na ilikuwa hivyo. Ukiitazama kwa macho ya mtembeaji, ilikuwa pia jaribio kubwa kuliko yote la kulivunja duara. Seng'enge yenye lango moja inaacha mstari na kuua mzunguko. Kama mzunguko ule ungekuwa wa kubahatisha tu, usingehitaji jeshi.

Pingamizi zito zaidi ni la umaskini. Watu wa Eastlands, itasemwa, hutembea kwa sababu hawana nauli. Kuwapamba kwa historia ni kuwafanyia dhihaka. Pingamizi hili lina ukweli ambao hautakiwi kufunikwa. Nauli hupanda mvua inaponyesha, hupanda saa za msongamano, na mtu wa kibarua anayelipwa kwa siku hupiga hesabu kati ya nauli na unga. Wako wanaotoka Umoja na Kayole kila alfajiri wakielekea Industrial Area kwa miguu, na wangepanda gari kesho kama mfuko ungeruhusu. Lakini umaskini unaeleza kwa nini mtu anatembea, hauelezi kwa nini anapita hapa na si pale. Asiye na nauli na mwenye shida ya kufika tu huchukua njia fupi, na hiyo ndiyo inayorudi ilikotoka. Mchuuzi wa viatu vya mitumba hufanya tofauti. Atafika Gikomba kabla jua halijatoka, wakati marobota yanafunguliwa na bidhaa bora za kwanza, zinazoitwa kamera, zinanyakuliwa na waliowahi. Atapitia Burma kama kuna nyama ya kupelekea mtu. Atarudi kwa Bahati na Jericho kwa sababu kule ana wateja wa kukopa wanaolipa mwisho wa mwezi. Atamalizia Mutindwa ambako jioni Umoja yote inashuka kununua mboga. Kila pembe ya safari yake ina sababu ya biashara. Anabana nauli, ndiyo, lakini mzunguko wenyewe ndio unaomlipa.

Ukizingatia hayo, miaka baada ya Uhuru inaonekana kwa sura nyingine. Doonholm Road ilipewa jina la jogoo wa chama cha KANU, na upande wa mashariki, ardhi iliyokuwa shamba la Doonholm na mashamba ya jirani ikaanza kugeuka mitaa. Buruburu ilijengwa kwa awamu kuanzia miaka ya 1970 kwa fedha za Shirika la Maendeleo la Jumuiya ya Madola; Umoja ilijengwa kwa fedha za Marekani katikati ya miaka hiyo hiyo; Dandora ikaanza mwaka 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, viwanja 6,000 vyenye maji na choo na mwenye kiwanja amalizie nyumba mwenyewe. Donholm na Tena zikafuata katika wimbi la nyumba za kununua kwa mkopo, zenye ua, mahali pa gari, na kwa nyingi, geti. Hii haikuwa mitaa ya makapera. Ilijengewa familia yenye mshahara, na wapangaji wake walichukulia kwamba familia hiyo itakuwa na gari, au walau itapanda basi. Mwaka 1973 Rais Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalumu, na kwa hatua hiyo mstari wa zamani ukapata magurudumu: Buruburu kwenda mjini kwa namba 58, Umoja kwa 35/60, na kurudi vivyo hivyo. Njia nyingi za matatu mashariki mwa Nairobi huelekea katikati ya mji. Kutoka mtaa mmoja wa Eastlands kwenda mwingine ulio jirani, mara nyingi gari halipo au linakulazimisha uende mpaka Jogoo Road ubadilishe. Duara liliachiwa miguu, na baadaye bodaboda.

Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani uliokuja Kenya uliandika jambo lililowashangaza maofisa wengi: kwamba wachuuzi na mafundi waliokuwa wakifukuzwa na askari wa kanjo walikuwa wakizalisha mali na kutoa ajira, na kwamba kuwabughudhi kulikuwa hasara. Gikomba ilikuwa mfano ulio wazi. Mafundi wake wa mabati walikuwa wakitengeneza majiko, taa na masanduku kutokana na chuma chakavu, na mtafiti Kenneth King aliandika kitabu kizima kuhusu mafundi wa aina hiyo kilichotoka 1977. Uagizaji wa nguo kuukuu ulipolegezwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, mitumba ilifurika pale, ikawa soko ambalo hata mfanyabiashara wa Kisumu au Kampala analijua. Mioto imelichoma mara nyingi, ule wa Juni 2018 ukiua watu 15, na kila mara limejengwa upya pale pale ukingoni mwa Mto Nairobi. Nionavyo mimi, ukaidi huo una sababu ya kijiografia ambayo watu husahau. Gikomba iko mahali ambapo miguu ya Pumwani, Shauri Moyo, Eastleigh na Jogoo Road hukutana. Soko la Muthurwa lilijengwa na serikali na kufunguliwa 2008 ili kuwatoa wachuuzi katikati ya mji, na lina biashara yake, lakini halikuchukua nafasi ya Gikomba. Soko jipya linaweza kujengwa kwa tangazo la zabuni. Makutano ya njia za watu hayahami kwa sababu zabuni imetangazwa.

Mtu wa Tena anaweza kujibu kwamba yote haya hayamhusu. Sukuma wiki ipo langoni, duka kubwa lipo Donholm, na Gikomba ni ya wachuuzi, si ya mwenye kukaa sebuleni. Sawa. Lakini angalia bidhaa. Ile nguo iliyotundikwa kwenye uzio karibu na steji, ile omena iliyopimwa kwa kikombe, yale maboga na viazi vilivyopangwa kwa mafungu ya shilingi chache chini ya mwavuli, vimefika hapo kwa mtu aliyekwenda na kurudi. Anayekaa anahudumiwa na anayezunguka. Na Mutindwa, soko lililokaa pale reli ya Thika, iliyojengwa 1913, inapokutana na Umoja na Buruburu, ni ushahidi wa jinsi duara linavyojizalisha. Hakuna mpangaji aliyeliweka soko pale. Lilikua kwa sababu watu walikuwa wakivuka reli hapo kila siku, na penye watu wanaovuka, mtu hutandaza gunia. Treni ya abiria inayoelekea Ruiru husimama Mutindwa, na wengi wanaoshuka hawaendi moja kwa moja nyumbani. Wanapitia mboga kwanza.

Wapangaji wa leo wanajua kwamba Nairobi inatembea. Tafiti za usafiri zilizofanywa na Wajapani wa JICA kwa miaka tofauti zilikuta zaidi ya safari mbili kati ya tano zinafanywa kwa miguu, na Kaunti ya Nairobi ilitoa sera ya wanaotembea na waendesha baiskeli mwaka 2015. Tatizo liko katika namna ya kuhesabu. Safari katika tafiti za aina hiyo ina mwanzo na mwisho: nyumbani hadi kazini, nyumbani hadi shuleni. Ikichanganya vyombo, kwa kawaida huandikwa kwa chombo kikuu, na miguu ya kwenda steji na kutoka steji hupotea. Mama anayetoka Tena kwa matatu, akafanya kazi yake Gikomba, akatembea hadi Bahati, akapanda bodaboda hadi Mutindwa na kumalizia kwa miguu, ataingia katika takwimu kama vipande ambavyo hakuna kimoja kinachofanana na siku yake. Kutokana na hesabu za aina hiyo hujengwa barabara. Outer Ring ilipanuliwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, kilomita 13 za njia nyingi, na wachuuzi waliokuwa pembezoni wakaondolewa. Kwa gari ni barabara nzuri kweli. Kwa mzunguko wa Tena, ilikuwa kama mto umechimbwa kati ya Umoja na Buruburu, na watu waligongwa wakivuka kabla madaraja ya waenda kwa miguu hayajakamilika. Yalipokamilika, wengi waliendelea kupita chini, na walilaumiwa kwa uvivu. Lawama hiyo siikubali. Mtu asiye na mzigo anaweza kupanda daraja la ngazi na miinamo mirefu. Mwenye gunia la viazi begani analiona daraja kama kilima cha ziada mwishoni mwa kilomita nane, na mwenye mkokoteni hana hata hilo la kuchagua.

Ndani ya mitaa nako kuna hatari isiyotoka kwa serikali. Buruburu ilipangwa kwa viwanja vidogo vya nyumba zinazozunguka uwazi mmoja, na hapo awali vichochoro kati ya viwanja hivyo vilimpitisha yeyote. Kwa miaka mingi sasa wakazi wamefunga vichochoro hivyo kwa mageti na walinzi, na mitaa ya Donholm na Tena imefuata. Sababu yao ni wizi, na si sababu ya kubuni. Asiyewahi kuibiwa ndiye mwepesi wa kuwakejeli. Lakini kila geti linalofungwa linamrudisha mtembeaji kwenye barabara kuu, katikati ya magari, na linaongeza urefu wa njia yake bila kumwongezea mteja. Mageti hayo yanatimiza polepole, kwa michango ya wakazi wenyewe, kile ambacho seng'enge ya 1954 ilifanya kwa amri. Tofauti ni kwamba seng'enge ilikuwa na tarehe ya kuondolewa, na waliozungushiwa walijua ni nani wa kumdai aiondoe. Kichochoro cha Buruburu kikifungwa leo, mchuuzi anayekitumia si mwanachama wa kamati ya mtaa, hana barua anayoandikiwa wala mkutano anaoitwa, na njia yake hufutwa bila mtu yeyote kuandika kwamba iliwahi kuwepo.